Turbo kwenye injini ya kupandikiza: Mambo ya kujua kabla ya kuifungua boneti ya Land Cruiser kuukuu

LAND CRUISER za mfululizo wa 40, zilizoundwa na kampuni ya Toyota kati ya 1960 na 1984, zingali barabarani nchini Kenya. Utaziona katika mashamba ya Laikipia na Trans Nzoia, katika kambi za watalii kule Narok, na hata katika mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza 1989 kwa nia ya kuchangisha fedha za kuuzungushia ua wa umeme msitu wa Aberdare. Fremu yake ni nzito, ekseli zake ni za kuaminika, na bati lake likioza hutiwa kiraka na maisha yakaendelea.

Kinachomchosha mwenyewe ni injini. Nyingi za aina ya FJ40 zilikuja na injini ya petroli, na ile ya baadaye iitwayo 2F, yenye silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 4,230, hunywa petroli kama ngamia aliyefika kisimani. Bei ya petroli ilipoanza kupaa, wamiliki wengi waliamua kuing'oa na kupandikiza injini ya dizeli. Chaguo la wengi limekuwa 1HZ, nayo pia ya Toyota, iliyoanza kuundwa 1990.

Hapo ndipo hadithi ya turbo inapoanzia. Mwenye gari hulipa pesa nyingi, hungoja wiki kadhaa gerejini, kisha akalitoa gari lake na kugundua kwamba halikimbii kuliko zamani. Akipanda mteremko wa Mai Mahiu akiwa na mzigo, matatu humpita. Akirudi kwa fundi, jibu analopewa huwa la neno moja: turbo.

Jibu hilo si baya. Hata hivyo, kati ya neno hilo na gari litakalodumu miaka kumi kuna mambo mengi ambayo aghalabu hayasemwi, na mengi ya hayo humgharimu mtu injini nzima.

Hewa ya Timboroa

Wakazi wa Uasin Gishu wenye mji uitwao Turbo watatuvumilia, kwani turbo tunayoizungumzia hapa ni mtambo mdogo wenye umbo la konokono. Ndani yake mna magurudumu mawili yaliyounganishwa kwa shafti moja. Moshi unaotoka katika injini hulizungusha gurudumu la kwanza, yaani tabini. Gurudumu la pili, ambalo ni kompresa, huzunguka pamoja nalo na kuisukuma hewa safi ndani ya silinda. Kasi yake hupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Kwa maneno mengine, nishati ambayo ingetupwa nje kupitia bomba la moshi hurudishwa kazini.

Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka wa 1905. Ila kwa msomaji wa Kenya, tukio la maana zaidi ni lile la 1918, wakati Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipoipandisha injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak huko Colorado, Marekani, takriban mita 4,300 juu ya usawa wa bahari, ili kuonyesha kwamba turbo inaweza kurejesha nguvu zinazopotea kwa sababu ya wepesi wa hewa. Ilirejesha.

Hili ni muhimu kwetu kwa sababu sehemu kubwa ya nchi hii iko juu. Nairobi iko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Huko, shinikizo la hewa ni takriban asilimia 82 ya lile la Mombasa. Timboroa, katika barabara ya kwenda Eldoret, iko juu ya mita 2,700, na shinikizo lake ni kama asilimia 72 tu. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa pumzi zake yenyewe, na palipo na hewa kidogo hupata hewa kidogo.

Tuchukue 1HZ. Katika usawa wa bahari hutoa nguvu za farasi 130 hivi, na msokoto wa Newton-mita 285 katika mizunguko 2,200 kwa dakika. Ukiipeleka Nairobi, zaidi ya farasi 15 wametoroka. Ikifika Timboroa, imepoteza karibu robo ya nguvu zake. Na hata ile 2F iliyong'olewa haikuwa dhaifu kuliko 1HZ. Nguvu za injini hizo mbili zinakaribiana sana. Anayepandikiza 1HZ ananunua uchache wa matumizi ya mafuta na maisha marefu ya injini. Kasi haimo katika bei hiyo, na afadhali fundi amwambie mteja hivyo mapema.

Hesabu ya turbo basi ni hii. Ikisukuma hewa kwa baa 0.3 tu zaidi ya shinikizo la nje, injini iliyo Timboroa itakuwa inapumua kana kwamba iko Mombasa. Hiyo si mbio. Ni haki yake iliyokuwa imechukuliwa na mwinuko. Dereva mwenye kiasi, anayetaka gari lipande mlima bila aibu, hahitaji zaidi ya baa 0.5.

Kupandikiza kwenyewe

Kabla ya turbo ni lazima upandikizaji uwe umefanywa sawasawa, kwani turbo huongeza mzigo katika kila kiungo kilichofungwa kiholela.

Injini nyingi za 1HZ zinazouzwa mitumba hutoka katika magari yaliyobomolewa Japani au Ghuba, na baadhi yake hupitia Sharjah, katika Milki za Kiarabu, ambako kuna soko kubwa la vipuri vilivyotumika. Huku kwetu huuzwa katika maduka ya Kirinyaga Road, mtaa ambao wengi wangali wanauita Grogan, na Industrial Area. Injini isiyo na historia ni kama mchumba aliyeletwa na posta. Inunuliwe ikiwa kamili, pamoja na pampu yake ya dizeli, stata, alteneta na, ikiwezekana, giaboksi yake. Giaboksi ya gia tano iitwayo H55F ndiyo mwenzi wa asili wa injini hii, nayo humfaa sana mwenye FJ40, kwa sababu injini ya dizeli haipendi kuzungushwa mbio kama ya petroli. Gia ya tano huipa nafasi ya kupumzika katika barabara tambarare ya Mtito Andei.

La pili ni umeme. Kuna 1HZ za volti 12 na za volti 24. FJ40 ni ya volti 12. Stata ya volti 24 ikifungwa kwenye betri moja ya volti 12 itazunguka kwa uvivu mpaka mwenyewe adhani injini imekufa. Vivyo hivyo kwa plagi za kupasha joto na ile valvu ya umeme inayokata mafuta kwenye pampu. Haya yasawazishwe yote, wala isiwe nusu nusu.

La tatu, ambalo limewahi kuhatarisha maisha ya watu, ni breki. Kikuza-breki cha gari la petroli huvuta vakyumu kutoka kwenye manifodi ya kuingizia hewa. Injini ya dizeli haina vakyumu hiyo, kwa sababu haina kizibo cha kuizuia hewa. Lazima iwe na pampu yake ya vakyumu. Fundi asiyeelewa jambo hili huuchomeka mpira wa breki mahali pale pale pa zamani, na dereva hujikuta akiukanyaga ukuta. Turbo ikifungwa baadaye, mambo huharibika zaidi, maana manifodi hiyo sasa imejaa shinikizo la kusukuma, ilhali kikuza-breki kinataka kuvutwa.

Tungali kwenye breki: FJ40 za kabla ya katikati ya miaka ya sabini zilikuwa na breki za drami katika magurudumu yote manne. Kuliongezea gari la aina hiyo nguvu bila kuliwekea breki za diski mbele ni kumnunulia mtoto upanga.

Tangi nalo lisisahauliwe. Lililobeba petroli kwa miaka 40 lina kutu na uchafu chini yake. Lifunguliwe, lioshwe, na uwekwe mfereji wa kurudisha dizeli inayobaki, pamoja na chujio lenye kitenga-maji. Pampu ya 1HZ hulainishwa na dizeli yenyewe. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huinyima ulainisho huo na kuiua polepole. Tatizo la uchanganyaji lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka wa 2018 serikali iliweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwavunja moyo wachanganyaji. Anayeendesha injini ya kupandikiza achague kituo kimoja cha mafuta anachokiamini na abaki nacho.

Kwa nini 1HZ si injini ya turbo

Toyota yenyewe iliunda injini mbili ndugu katika mwaka mmoja. Moja ni 1HZ, isiyo na turbo. Nyingine ni 1HD-T, yenye turbo. Zote zina silinda sita na ujazo ule ule wa sentimita 4,164, kila silinda ikiwa na kipenyo cha milimita 94 na mwendo wa pistoni wa milimita 100. Mtu akiziona kwa mbali atadhani ni moja. Atakuwa amekosea, na kosa hilo ndilo limechoma pesa za wengi.

Katika 1HZ, dizeli haimwagwi moja kwa moja juu ya pistoni. Hunyunyizwa katika kichumba kidogo kilichomo ndani ya hedi, huwaka humo kwanza, kisha moto hutoka kwa kasi kupitia tundu jembamba na kuisukuma pistoni. Utaratibu huo huifanya injini iwe tulivu na isiyochagua mafuta. Lakini pia huyarundika makali ya moto mahali pamoja. Mgandamizo wake ni wa juu sana, takriban 22 kwa 1, kwa sababu injini ya namna hiyo inahitaji joto jingi ili kuwaka asubuhi ya baridi.

Nduguye 1HD-T hunyunyiza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, na mgandamizo wake uko chini ya 19 kwa 1. Toyota iliushusha kwa makusudi, ikijua kwamba turbo italeta hewa zaidi na shinikizo zaidi.

Kwa hivyo, anayeifunga turbo kwenye 1HZ anaongeza hewa katika injini iliyokwisha kujibana hadi mwisho wake. Ikizidishiwa, ishara huanza katika hedi, ambapo nyufa hujitokeza karibu na vile vichumba vya moto. Gasketi ya hedi hufuata. Mwishowe huwa ni pistoni zenyewe, ambazo hupasuka au kuyeyuka kingo. Aluminia safi huyeyuka katika nyuzi 660 za Selsiasi, na aloi za pistoni huanza kulainika kabla ya kufika hapo.

Je, maana yake ni kwamba jambo hili lisifanywe? La hasha. Nchini Australia, ambako Land Cruiser ni gari la kazi kama lilivyo kwetu, kufunga turbo kwenye 1HZ ni biashara ya miaka mingi, na magari mengi yaliyofungwa kwa kiasi yamekwenda mbali. Siri iko katika hilo neno kiasi. Shinikizo la baa 0.5 hadi 0.6 ndilo wanaloliita salama mafundi wengi waangalifu, na wale wanaovuka hapo bila kubadilisha kitu ndani ya injini wanacheza kamari.

Vipimo kwanza

Turbo haiponyi injini mgonjwa. Ikiwa injini inavuta oili, inatoa moshi wa samawati au inachelewa kuwaka asubuhi, turbo itaiharakishia safari ya kaburini.

Kazi ya kwanza basi ni kupima mgandamizo wa kila silinda. Cha kuangaliwa zaidi ni tofauti baina ya silinda. Tano zikiwa sawa na moja ikiwa chini sana, kuna ringi, valvu au gasketi iliyochoka, na mradi usimame hapo. Nozeli zitolewe na kupimwa, kwani nozeli inayodondosha dizeli badala ya kuinyunyiza huichoma pistoni mahali pamoja kama tochi ya mchomeleaji. Rejeta izibuliwe, na feni yake iwe nzima.

Kisha kuna mkanda wa taimingi. 1HZ hutumia mkanda wa mpira, nao hupaswa kubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Katika Land Cruiser iliyozaliwa na injini hii kuna taa ya kumkumbusha dereva, ila FJ40 haina taa hiyo, na saa yake ya kilomita haijui lolote kuhusu injini iliyotoka Sharjah. Mkanda ubadilishwe siku injini inapopandikizwa, na tarehe pamoja na kilomita ziandikwe kwa rangi juu ya kifuniko chake. Ni jambo dogo, tena la bei nafuu ukilinganisha na hedi.

Turbo ipi?

Kuna wanaochukua turbo iliyotoka katika lori, wakisema kubwa ndiyo bora. Kubwa huchelewa kuamka. Dereva hukanyaga mafuta, husubiri, na nguvu hufika wakati kilima kimekwisha. Ndogo mno nayo huamka upesi lakini huisonga injini katika kasi ya juu, na katika nyanda za juu huzunguka kupita kiasi chake, kwa sababu mahali penye hewa nyepesi ni lazima kompresa izunguke zaidi ili kutoa shinikizo lile lile.

Turbo ya CT26, ambayo Toyota iliifunga kwenye 1HD-T, inafaa kwa ukubwa na huweza kupatikana ikiwa imetumika. Anayenunua iliyotumika aishike shafti yake kwa vidole na kuitikisa. Mchezo kidogo wa kando kwa kando ni wa kawaida wakati haina oili. Mchezo wa mbele na nyuma si wa kawaida hata kidogo, na gurudumu lililowahi kukwaruza ukuta wa nyumba yake lisinunuliwe kwa bei yoyote.

Turbo hunywa oili kutoka kwenye injini kupitia bomba jembamba lenye shinikizo. Oili hiyo hurudi kwenye karai kwa uzito wake tu. Bomba la kurudishia liwe nene, literemke bila kupinda juu, na liingie kwenye karai juu ya kimo cha oili. Likiingia chini ya kimo hicho, oili hukwama, hutafuta njia kupitia mihuri ya turbo, na gari huanza kufuka moshi wa samawati. Fundi humlaumu aliyeuza turbo, mwuzaji naye humlaumu fundi, na mwenye gari hununua turbo ya pili ambayo nayo itafuka vile vile.

Bomba la moshi lipanuliwe pia. Kipenyo cha inchi tatu, yaani milimita 76, ndicho kinachotumiwa na wengi. Moshi unaokwama nyuma ya tabini huirudishia injini joto.

Skrubu ya dizeli

Turbo huleta hewa. Nguvu huja pale dizeli inapoongezwa ili kuilingana hewa hiyo. Kwenye pampu ya 1HZ kuna skrubu ya kuongeza mafuta, na skrubu hiyo ndogo imeua injini nyingi kuliko turbo zenyewe.

Katika injini ya petroli, mafuta mengi kupita kiasi huipoza. Katika dizeli ni kinyume. Kadiri dizeli inavyozidi hewa ndivyo joto linavyopanda. Moshi mweusi unaoonekana nyuma ya gari, ambao vijana wengine huufurahia, ni dizeli iliyokosa hewa, na ni dalili kwamba ndani mnachomeka.

Pampu ya 1HD-T ina kifaa kinachohisi shinikizo la turbo na kuongeza mafuta pale tu hewa inapokuwapo. Pampu ya kawaida ya 1HZ haina. Baadhi yake zina kifaa cha mwinuko, ambacho hupunguza mafuta gari linapopanda mahali pa juu. Fundi wa pampu mwenye ujuzi anaweza kukiongeza kifaa cha kuhisi shinikizo, nayo ni pesa iliyotumika vizuri. Bila hicho, skrubu iliyowekwa ili gari livute vizuri katika mizunguko 2,500 itatoa moshi mweusi katika mizunguko 1,200, ambapo turbo haijaamka bado.

Hapa ndipo tunapofika kwenye chombo ambacho, kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna 1HZ inayopaswa kufungwa turbo bila kuwa nacho: kipimajoto cha moshi. Ni mita ndogo ya dashibodini yenye waya unaoingia kwenye manifodi ya ekzosi. Humwambia dereva joto halisi la moshi unaotoka kwenye silinda. Wengi huchukua nyuzi 700 za Selsiasi, zikipimwa kabla ya tabini, kuwa mwisho wa kuendelea kukanyaga mlimani. Waya huo ukiwekwa baada ya tabini utasoma nyuzi mia moja au zaidi pungufu wakati wa mzigo, na asiyejua tofauti hiyo atajiona salama akiwa motoni. Mita ya joto la maji iliyotoka kiwandani haitoshi, kwani maji hupata habari pistoni ikiwa imekwisha kuungua.

Kupoza hewa

Hewa ikigandamizwa hupata joto. Yeyote aliyejaza gurudumu la baiskeli kwa pampu ya mkono analijua hili. Hewa ya nyuzi 30 ikisukumwa hadi baa 0.5 hutoka kwenye turbo ikiwa karibu nyuzi 80. Hewa ya moto ni nyepesi, na faida iliyotafutwa hupungua.

Intakula ni rejeta ya hewa inayorudisha joto hilo chini kabla hewa haijaingia kwenye injini. Kwa baa 0.3 si lazima. Kwa 0.5 na kuendelea ni busara kuwa nayo, hasa kwa anayekwenda Garissa au Lodwar. Katika FJ40, hata hivyo, nafasi ni finyu. Intakula ikiwekwa mbele ya rejeta huizuia hewa ya kupoza maji, na mtu hujikuta ameponya jino na kuumiza jicho. Baadhi ya mafundi huipachika juu ya injini na kutoboa boneti, jambo linaloudhi macho ya wapenzi wa magari ya kale lakini hufanya kazi.

Chujio la hewa nalo liheshimiwe. Turbo huvuta hewa nyingi zaidi, na punje za vumbi zinazopita kwenye mpira uliolegea hukwangua mapanga ya kompresa kama msasa. Katika barabara za vumbi, viungo vyote kati ya chujio na turbo vikaguliwe kila gari linapobadilishwa oili.

Na oili yenyewe ibadilishwe kila kilomita 5,000, iwe ya kiwango cha dizeli yenye turbo. Baada ya kupanda mlima, injini iachwe ingurume taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, ili oili iendelee kuipoza shafti. Ikizimwa ghafla, oili iliyobaki ndani huungua na kugeuka kaboni ngumu.

Njia mbadala

Baadhi ya wasomaji watauliza: kwa nini basi mtu asipandikize 1HD-T moja kwa moja, ikiwa ndiyo iliyoundwa kwa turbo? Swali ni la haki. Kwa mwenye uwezo, hilo ndilo jibu safi zaidi, kwani injini hiyo hutoa zaidi ya farasi 160 na msokoto wa Newton-mita 360 hivi bila kulazimishwa. Ila bei yake ni ya juu, hupatikana kwa nadra, na matoleo yake ya kwanza yalijulikana kwa beringi za konrodi zilizochakaa mapema. Anayeipata azikague beringi hizo kabla ya kuipandikiza, wakati karai lingali mikononi.

Kwa upande wa 1HZ, vipuri vyake viko kila mahali. Imekuwa ikiendesha Land Cruiser za polisi, za mashirika ya misaada na za watalii kwa zaidi ya miaka 30, na hata fundi wa Maralal anaijua kwa kupapasa gizani. Kwa gari litakaloharibikia kilomita 200 kutoka mjini, hilo si jambo la kupuuzwa.

Logibuku na bima

Injini ikibadilishwa, nambari yake hubadilika. Katika FJ40 iliyopandikizwa 1HZ hubadilika pia aina ya mafuta, kutoka petroli hadi dizeli, na ujazo, kutoka 4,230 hadi 4,164. Maelezo hayo yote yamo kwenye kumbukumbu za usajili, na chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, mwenye gari hupaswa kuyafikisha mabadiliko kwa msajili. Kazi hiyo imekuwa mikononi mwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya 2012. Gari hukaguliwa, na mwenyewe huhitaji kuthibitisha injini ilikotoka. Risiti ya duka na hati za forodha zihifadhiwe tangu siku ya ununuzi. Injini isiyo na karatasi inaweza kuwa ilitoka katika gari lililoibwa, na polisi wakiikagua nambari hiyo barabarani, maelezo ya fundi wa kichochoroni hayatamsaidia mtu.

Kampuni ya bima nayo iarifiwe kwa maandishi, kwamba injini imebadilishwa na kwamba turbo imeongezwa. Wengi huliacha hili kwa kuogopa kuongezewa ada. Ajali ikitokea, mkaguzi wa bima huifungua boneti kabla ya kitu kingine chochote, na akikuta injini isiyofanana na ile iliyo kwenye logibuku, ameshapata sababu ya kuyakataa madai.